Unanunua Ardhi au Kuta?

Enyi ndugu zetu mnaotafuta riziki Jeddah, nanyi hasa mliopanga Al-Baghdadiyah, kaskazini ya mji wa kale wa Al-Balad: hizo riyali mnazotuma nyumbani kununua nyumba, zinanunua nini? Wengi wenu huuliza bei, idadi ya vyumba na umbali wa barabara, lakini hawaulizi kama ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya huyo anayeuza.

Hapo mlipo mmeyaona kwa macho. Kuanzia Oktoba 2021 mitaa zaidi ya 60 ya Jeddah ilitiwa katika ubomoaji, Ghulail na Petromin zikiwemo. Raia mwenye sakk, yaani hati ya miliki, alistahili fidia ya kiwanja na ya jengo. Asiye nayo alihesabiwa jengo peke yake. Wageni, kama Amnesty International ilivyoeleza mwaka 2022, hawakuwemo kabisa katika mpango wa fidia. Majirani wawili waliojenga kwa matofali ya aina moja waliondoka na haki tofauti, na tofauti yao ilikuwa karatasi.

Sasa geukeni Mombasa. Katika mtaa wa Majengo na mitaa mingine ya huko, nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida: kuta ni zako, kiwanja kina mwenyewe, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Mimi siidharau nyumba ya namna hiyo, maana imewasitiri wengi wasioweza zaidi. Ninachokilaumu ni kuinunua kwa bei ya nyumba yenye ardhi yake. Kabla ya kutoa pesa, mwone mwenye kiwanja. Je, anamtambua huyo muuzaji? Kodi imelipwa mpaka mwezi gani? Atakubali kuandikiana nawe? Kisha jalada lipekuliwe katika ofisi ya ardhi, na apekue wakili wako, si wakili wa muuzaji.

Tanzania Bara nako msidanganyike na muhuri. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia. Barua iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa huonyesha kwamba mmeuziana, lakini haigeuki kuwa hati. Na kama nyumba ni ya mume na mke, takeni ridhaa ya wote wawili kwa maandishi. Mke aliyefichwa leo atakuja na kesi kesho, na haki itakuwa yake.

Najua mtaniambia: sisi Waislamu, tena jamaa, tunaaminiana. Basi kumbukeni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kaka asiyetaka kuandikiana amewapa sababu ya kumwogopa. Na mkimpa uwakili, uwe wa kiwanja kimoja kilichotajwa kwa namba yake, wenye tarehe ya kwisha. Uwakili wa mambo yote ni mlango wa kuuziwa hata nyumba ya mama yenu.

Wapo wanaotamani kununua huko huko Saudia. Sheria mpya ya umiliki wa wageni, iliyoanza kutumika Januari 2026, imepanua nafasi, ingawa Makka na Madina zina masharti yake makali. Fanyeni hesabu kamili: tangu Oktoba 2020 uhamisho wa miliki kwa kawaida una kodi ya asilimia 5, na mgeni aweza kuongezewa ada juu yake.

Nanyi wauzaji, kodi hiyo kisheria inawaangukia ninyi. Msiinyamazie mpaka siku ya saini, mkamshurutisha mnunuzi ailipe. Kama nyumba ina mgogoro wa mirathi, semeni kabla ya kupokea kishika mkono, na warithi wote waitwe watie saini, hata yule aliyeko Muscat ambaye hamsemeshani.