Pedi Ikivuta Kushoto, Usiibadilishe Kava

Wasee wa Amalemba, leo tuongee pedi. Za gemu, acheni kucheka. Kuna kibanda hapa mtaani pedi yake moja inajulikana na kila mtu: ukipewa hiyo, beki wako anatembea kushoto peke yake mpaka mpira uingie wavuni. Na mechi umelipia. Ukilalamika, mwenyewe anaweka kava nyekundu na vifuniko vipya vya stiki, anasema ameiapgredi. Hapo amepaka rangi nyumba inayovuja.

Shida iko ndani. Pedi ya PS4, na hata ya PS5, inapima stiki kwa kichuma kidogo kinachosugua njia ya kaboni. Kila ukizungusha, inalika. Mwishowe ukiachilia stiki, pedi bado inadhani umeisukuma.

Kabla ulipe fundi, unganisha pedi na simu kwa Bluetooth, fungua ukurasa wa kupima pedi, halafu usiguse kitu. Namba zikikaa karibu na 0, pedi ni mzima, kagua setingi za gemu. Zikikwama kwa 0.2, ni vumbi ama imelika. Vumbi linatoka na isopropili ya asilimia 99. Zima pedi kwanza, na ungoje ikauke kabisa. Ile WD-40 ya kawaida peleka kwa cheni ya boda. Kuna wale wanaongeza eneo la katikati lisilosikia. Sawa, beki atatulia, lakini zile miguso ndogo za stiki hazitasikika tena.

Kama imelika, apgredi yenye maana ni stiki za sumaku, zinaitwa Hall. Ndani hakuna kinachosuguana na kaboni. Na si kitu kipya, Sega waliziweka kwa pedi ya Dreamcast miaka ya 1990! Kazi ni kulehemu: stiki moja ina miguu 14, na fundi mwenye haraka atang'oa njia za bodi. Muulize kama ana pampu ya kunyonya risasi. Akisita, chukua pedi yako uende. Baadaye lazima stiki ipangwe upya katikati, na kuna programu za bure za hiyo kazi kwa brauza.

Hiyo gharama ni ya mwenye kibanda, si yetu. Mpaka aitoe, mapumziko yakifika tunabadilishana pedi.