Acheni kusema manesi ndio wanaoua kompyuta

1/ Ndugu zangu, leo sina picha ya papa potwe. Leo nina hasira. Nisomeni mpaka mwisho.

2/ Kituo kimoja nilichofanya kazi, huku upande wa Ghuba ya Chole, kililetewa seva mpya. Tukapiga makofi. Taarifa za wagonjwa zikahamishiwa humo: faili moja la Access, .mdb, aina ya kabla ya 2007. Wiki haijaisha, faili limeharibika. Likatengenezwa. Likafa tena. Na tena.

3/ Kila likifa, wimbo ni ule ule: "Manesi mnazima kompyuta vibaya." Hata siku ambayo umeme haukukatika na hakuna aliyegusa swichi!

4/ Mnajua hasara yake? Mama katoka Jibondo na mashua, kasubiri maji yajae ndo afike. Mfumo unasema hajawahi kuhudhuria kliniki. Kadi yake ina tarehe tatu, mwandiko wangu mwenyewe. Je, angeisahau nyumbani? Sindano ya pepopunda tungemrudia au tungemruka? Kilichotuokoa ni kitabu cha MTUHA. Karatasi, jamani.

5/ Nikaanza kusoma. Kumbe kwa faili la Access seva ni kabati tu. Kila kompyuta inalifungua yenyewe kupitia mtandao na kuandika ndani moja kwa moja. Waifai ikikatika katikati ya kuandika, ukurasa unabaki nusu. Seva iwe ya milioni ngapi, hilo halitibu.

6/ Na upya wenyewe una ugonjwa wake. Windows za sasa zinaikopesha kila kompyuta vipande vya faili, ivishike kwenye kumbukumbu yake kwanza, ivirudishe baadaye. Kwa faili la Word hakuna shida. Kwa faili la Access linaloandikwa na watu watano kwa pamoja, ni balaa. Mwaka 2018, Windows 10 toleo la 1803 liliposambaa, watumiaji wa Access nchi nyingi walilia kilio hiki hiki, na Microsoft wakaelekeza: zimeni huo ukopeshaji kwenye seva. Ni amri moja. Haihitaji bajeti wala semina.

7/ Halafu kile kitufe cha kutengeneza. Kinaweza kuitupa mistari isiyosomeka, fundi akakwambia limepona. Limepona kama mgonjwa aliyekatwa mguu bila kuambiwa! Nakili kwanza faili lilivyo, ndipo uguse kitufe.

8/ Msije na "fedha hamna". Zimeni ukopeshaji. Vuteni waya, waifai waachieni wageni wa hoteli. Nakala kila jioni, ikae nje ya chumba cha seva. Kisha hamisheni taarifa kwenye MySQL au PostgreSQL, ambako seva yenyewe ndiyo inayoandika. Zote mbili ni za bure.

9/ Najua mafundi ni wachache na bahari iko katikati. Nawaheshimu. Ila mgonjwa akirudi na homa ile ile mara tatu, sisi hatumwambii "unalala vibaya". Tunampima upya. Nanyi pimeni.

10/ Mpaka siku hiyo, manesi wenzangu, msitupe vitabu. Andikeni kotekote. Na mkiambiwa mmeua kompyuta, waonyesheni uzi huu.