Tozo mpya, kazi kwangu

Nimekuwa kimya hapa siku kadhaa. Mnajua naandika programu za kulipia mishahara, na serikali ikigusa asilimia moja tu, simu yangu hailali.

Hebu tuhesabu. Februari 2023 mchango wa NSSF ulitoka shilingi 200 hadi 1,080 kwa mwenye mshahara wa 18,000 kwenda juu, na mwajiri analipa kiasi hicho hicho. Julai ikaja tozo ya nyumba: 1.5% kwa mfanyakazi, 1.5% kwa mwajiri. Novemba Mahakama Kuu ikaipinga, Machi 2024 Bunge likairudisha. Kila mara mimi nilirekebisha programu na kutuma ankara.

Kisha mteja mmoja, mwenye duka la vipuri, akaniambia nifute majina mawili. "Hao sasa ni vibarua." Nikafuta.

Serikali inasema nyumba hizo zinaleta ajira. Kweli, mafundi wanajenga. Lakini kodi ya faida humngoja mfanyabiashara apate faida kwanza. Tozo ya mshahara haingoji, hata mwezi wa hasara. Ukifanya kuajiri kuwe ghali, usishangae watu wakiajiri wachache.

Nyinyi mlioajiri, mmeongeza watu au mmepunguza? Semeni ukweli.