Valvu Ipimwe, Figo Zisalimike

Toleo hili ni la picha za moyo, nami nina hoja moja ya kulitangulizia. Mgonjwa wa valvu mwenye figo dhaifu asichomwe kontrasti kabla hatujajiuliza kama MRI isiyo na dawa yoyote inaweza kutupatia vipimo tunavyovihitaji.

Tangu Alain Cribier alipopandikiza valvu ya aorta kwa katheta kwa mara ya kwanza, huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, wazee wengi ambao wasingestahimili kupasuliwa kifua wamepona. Lakini daktari anayeipitisha valvu kinenani haioni kwa macho wala haigusi ile anayokwenda kuisukuma pembeni. Anategemea picha aliyopigwa mgonjwa kabla. Pete ya valvu ina umbo la yai na hubadilika kila moyo unapopiga. Valvu ikiwa ndogo kuliko pete, damu itavuja pembeni yake. Ikizidi, pete inaweza kupasuka. Picha hiyohiyo ionyeshe pia matundu ya mishipa ya koronari yako umbali gani kutoka kwenye pete, na kama mshipa wa paja una nafasi ya kupitisha mrija.

Kazi hiyo imefanywa na CT yenye kontrasti ya iodini, na imefanywa vizuri. Tatizo ni hali ya mgonjwa tunayemlaza pale: mara nyingi ni mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu, na kreatinini yake iko juu tayari. Atachomwa dawa wakati wa kupimwa, kisha atachomwa tena siku ya kuwekewa valvu. Mabishano kuhusu kiasi cha madhara ya kontrasti hayajaisha, lakini mwenye figo zinazosuasua si mtu wa kumjaribia bahati.

MRI inaweza kuitumia damu yenyewe. Kwenye picha za moyo, namna mawimbi yanavyopangwa huifanya damu ing'ae kuliko misuli bila kuongezwa kitu. Kwenye mishipa ya nyonga na mapaja ipo mbinu ninayoipenda kwa jinsi ilivyobuniwa: mtambo huzima kwanza ishara za kila kilichomo kwenye kipande kinachopigwa, husubiri kidogo mpaka mapigo yalete damu mpya, ndipo hupiga. Kinachong'aa ni kile kilichoingia sasa hivi.

Mwaka 2023 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha jaribio la wagonjwa 380 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakipangiwa MRI na nusu CT. Kati ya waliofikia kuwekewa valvu, upandikizaji ulifanikiwa kwa asilimia 93.5 upande wa MRI na 90.7 upande wa CT. Kwangu hiyo inatosha kuacha kuiita MRI kipimo cha akiba.

Udhaifu upo. Chokaa, ambayo CT huionyesha waziwazi, kwenye MRI ni kama shimo jeusi, nayo ndiyo inayotuonya kuhusu uvujaji na mishipa kuchanika. CT ya haraka isiyo na kontrasti huijazia pengo hilo. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo huharibu picha, na wapo wasioweza kuvumilia kufungiwa ndani ya mtambo.

Kwetu Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa valvu ni vijana walioumizwa na homa ya rumatiki, na mara nyingi inayoumia ni valvu ya mitrali, kwa hiyo vipimo hivi havihamishiki vyote kama vilivyo. Mazoea ya kupiga picha za moyo bila dawa yanahamishika. Picha hizi huharibika kwenye chumba cha mtambo kabla daktari hajazifungua: elektrodi zimebandikwa vibaya, mgonjwa hakuelezwa apumue vipi, mtambo unangoja kiwambo cha pumzi kirudi mahali pake nacho hakirudi. Wakuu wa idara wawape mafundi wa MRI muda wa kujifunza kazi hii kwa mgonjwa halisi, pasipo foleni ya magoti na migongo inayowasubiri mlangoni.