Tuwalipe mafundi kwa kupima, siyo kwa kufungua tu

Wadau, leo tuongelee klachi. Najua wengi wenu mjini mnaendesha otomatiki, lakini mizigo ya Kariakoo bado inabebwa na manyuo. Angalia kirikuu, yaani zile Suzuki Carry zinazosomba mali kutoka Mtaa wa Kongo na Msimbazi. Angalia Hiace na Coaster za zamani. Kwenye foleni ya Uhuru dereva anabalansi klachi kutwa nzima: mita tano mbele, anasimama, mita tano tena. Klachi gani itadumu hapo?

Sasa ikianza kusumbua, nenda gereji bubu yoyote usikie: "Bosi, klachi imekwisha hiyo, tushushe gia boksi." Hata gari hajaliwasha! Muda si mrefu mko Gerezani mnatafuta seti nzima: pleti, presha na beringi. Gari linafungwa, siku ya tatu ugonjwa ni uleule.

Watu husema mafundi wetu ni matapeli. Mimi sikubaliani. Nasema ubovu uko kwenye namna tunavyowalipa, na sisi wenye magari ndio tulioutengeneza. Daktari tunamlipa hela ya kumwona kabla hajaandika dawa yoyote. Fundi tunamlipa akifungua kitu tu. Akikwambia "ni waya umelegea, nimeshakaza," unampa buku mbili ya soda na kujiona umemfadhili. Akishusha gia boksi anapata hela ya ufundi, pengine na cha juu dukani. Ungekuwa wewe, ungepima au ungefungua?

Na kupima klachi hakuhitaji kompyuta. Cheki haya:

Moja, injini inalia lakini gari haliendi, hasa likipanda, mfano pale daraja la Mfugale, Tazara. Hakikisha hakuna mtu mbele, vuta hendibreki, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo na uachie klachi taratibu. Klachi nzima itazima injini hapo hapo. Injini ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Jaribu mara moja tu, ukirudia unaiunguza. Kwenye kirikuu angalia waya kwanza: ukikazwa kupita kiasi, klachi haishiki sawasawa hata kama pleti bado ni nene.

Mbili, gia hazingii au rivasi inakwaruza. Zima injini ujaribu tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwaka, klachi haiachii. Usikimbilie kuilaumu gia boksi. Kama gari linatumia mafuta ya klachi, pampu pedeli mara tatu nne. Gia ikikubali, shuku mafuta yamepungua, hewa imeingia, au klachi masta ya juu au ya chini inavuja. Hapo mara nyingi ni raba tu. Kwenye kirikuu, rudi kwenye waya: ukilegea sana, dalili ni hizo hizo.

Tatu, kelele. Ikitokea unapokanyaga pedeli, shuku beringi ya klachi. Ikisikika gari likiwa nyutro, kisha ikapotea ukikanyaga, shuku beringi ya ndani ya gia boksi. Ni magonjwa mawili tofauti, na bei mbili tofauti.

Nne, gari linatetemeka linapoondoka. Huenda maunting za injini zimechoka, au sili ya nyuma ya injini inavujisha oili na kulowesha pleti. Ukifunga pleti mpya bila kubadili sili, nayo italowa vilevile.

Vipimo hivi havichukui hata nusu saa. Kwa dereva wa kirikuu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, nusu saa hiyo ni kubwa mno. Gari likilala siku mbili kwa ugonjwa wa kukisia, tajiri bado anataka hesabu yake na watoto nyumbani bado wanataka kula.

Wapo watakaosema mafundi wenyewe hawajui kupima. Kweli, wapo wasiojua. Wengi wamejifunza kwa kushika spana chini ya fundi mkubwa, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi wa mitaani wa aina hiyo. Safi sana. Lakini cheti kitamfaa nini kama mteja hataki kulipia kichwa chake, anataka kulipia spana tu?

Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa feki, na hiyo ni kazi nzuri. Ila tukumbuke jamani, hata spea orijino usiyoihitaji ni hasara.

Kwa hiyo pendekezo langu ni rahisi. Kabla spana haijagusa nati, kubalianeni hela ya kupima, na umlipe hata akikuta ni waya tu. Mwambie akuonyeshe anachokishuku na kwa nini. Akifungua, omba uione pleti ya zamani: imeisha hadi karibu na ribiti, imelowa oili, au bado nzima? Fundi anayejua kazi hatachukia kuulizwa. Na akijua kwamba ukweli wake unalipwa, hatakuwa na haja ya kukushushia gia boksi bure.

Naomba kuwasilisha. Mafundi mnaopita humu, nimewaonea au nimewatetea?