Mbwa Kali, Mwenyewe Mvivu

Wasee, tuambiane ukweli. Umebandika "Mbwa Kali" kwa geti, na huyo mbwa anabwekea kila kitu: geti likigongwa, preshakuka ikipiga mluzi, boda wa gesi, hata keateka anayemwona kila siku. Na wewe unafanya nini? Unatoka ukipiga kelele, "Nyamaza!" Kwa masikio ya mbwa, wewe pia umeanza kubweka. Sasa mko wawili.

Halafu unamrushia slipa. Hapo umemfunza kwamba geti likigongwa, maumivu yanakuja. Kesho ataogopa zaidi na kubweka zaidi. Na kumpiga mnyama kikatili ni kosa Kenya hii. Soma Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Hebu ona vile yeye huona. Boda anafika, mbwa anabweka, boda anaacha mtungi na kuondoka. Kichwani mwa mbwa, amemfukuza! Kila siku anashinda. Kwa nini aache?

Kumfunza hakuhitaji pesa mingi. Rekodi huo mlio wa geti kwa simu. Ucheze kwa sauti ya chini sana, ausikie lakini asibweke. Hapo hapo mpe omena moja au kakipande ka nyama. Rudia. Ongeza sauti pole pole, siku baada ya siku. Akibweka, umeharakisha, rudi chini. Akishazoea, mfunze kwenda kukaa kwa gunia lake kila geti likigongwa. Dakika tano, mara mbili kwa siku. TikTok unaipea masaa mangapi? Na umtembeze pia. Mbwa wa kufungwa cheni kutwa nzima atabwekea hata upepo.

Najua mtasema, "Lakini mbwa ni wa ulinzi." Ulinzi gani? Mbwa anayebwekea preshakuka saa sita mchana, nani ataamka akibweka saa nane usiku mwizi akiruka ukuta? Ploti nzima ilishazoea. Debe tupu.

Na kuna jirani asiyezoea. Huyo ndiye siku moja hurusha nyama ya sumu juu ya ukuta. Uvivu ni wako, lakini atakayekufa ni mbwa.

Kwa hivyo leo jioni, simu mkononi, omena mfukoni. Ama ung'oe hicho kibao uandike ukweli: "Mwenyewe Mvivu."