Presha Si Nguvu

Imeenea dhana miongoni mwa wapenzi wa Subaru za mtumba, Nairobi hata Dar es Salaam, kwamba mtu akishafunga turbo iliyoimarishwa, basi anaweza kupandisha presha apendavyo. Dhana hii haina budi kupingwa. Inaua injini zilizo nzima na kuwafilisi watu waliojinyima kwa miaka ili wapate gari.

Kwanza, presha isomwayo kwenye geji si kipimo cha nguvu. Huonyesha tu jinsi hewa ilivyosongamana ikingoja kumezwa na injini. Kwa presha ile ile, turbo kubwa iliyochaguliwa vizuri huingiza hewa nyingi zaidi, tena yenye joto dogo kuliko ile inayokamuliwa na turbo ndogo iliyolemewa. Aliyenunua turbo kubwa akabaki kwenye PSI 15 ameshapata faida yake. Anayekimbilia PSI 22 anakopa kwenye umri wa injini.

Pili, wauzaji hutaja kikomo kwa namba moja. Namba hiyo ni ya wapi? Pwani, hewa ya kawaida ina uzito wa karibu PSI 14.7, Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, ni karibu PSI 12. Ukitaka PSI 15 za ziada, turbo ya Dar es Salaam hukandamiza hewa mara 2 hivi, ya Nairobi mara 2 na robo. Geji inasema yale yale, lakini shafti, ambayo hata siku ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inalazimika kwenda kasi zaidi. Na kasi ikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu ya kulipasua gurudumu huongezeka kwa asilimia 21. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Watanijibu kwamba turbo yao ni ya chuma madhubuti. Sawa, lakini uimara huo haukuhamia kwenye pistoni. Magari haya mengi yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni 96 au zaidi. Yanyweshe petroli hafifu, ongeza presha na joto, injini itaanza kugonga. Na pistoni huvunjika kwenye kingo za ringi wakati turbo bado inang'aa. Beringi za turbo nazo huelea juu ya utando mwembamba wa oili ile ile inayounguzwa na joto hilo.

Kikomo cha kweli, basi, ni cha kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Fundi anayetaka kupandisha presha aulizwe: kwa petroli gani, kwenye mwinuko gani, kwa pistoni zipi? Asiyeweza kujibu, asiguse gari la mtu.